Mahali Asipotazama Mkwe

Katika Kindu ya miaka ile, mtu aliyeingia mtoni alikuwa na sababu. Alikwenda kuvua, kuuza ndizi, kuposa au kuzika. Hakuna aliyepanda chombo ili akae tu juu ya maji. Kwa hiyo kila Jumapili nilipoisukuma mashua yangu kutoka ukingoni, mke wangu akiwa amekaa katikati na sufuria ya wali magotini, wanawake waliokuwa wakifua nguo waliniuliza swali lilelile.

"Munaenda wapi?"

"Hatuendi popote."

"Basi mutarudi saa ngapi?"

"Tukichoka."

Walicheka, nasi tukaenda. Tulipanda mto polepole, karibu na ukingo ambako mkondo si mkali, mpaka kwenye fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipungua. Hapo tuliivuta mashua nchi kavu, tukala, tukakaa. Nyumbani daima kulikuwa na mtu mlangoni: mgeni, jirani anayeomba chumvi, ndugu kutoka Kibombo aliyeshuka kwenye treni na mzigo wake. Nyumbani tulikuwa baba na mama wa watu. Pale mchangani tulikuwa watu wawili. Mke wangu alinieleza mambo ambayo kwa miaka mingi hakupata nafasi ya kuyamaliza, kwa sababu kila alipoanza mtu alipiga hodi.

Watu waliiita kanoti, neno lililobaki tangu wakati wa Wabelgiji. Wazungu ndio walioiunda, kwa mbao nyembamba, wapige makasia jioni kwa ajili ya afya yao. Baadaye ilimilikiwa na mfanyabiashara mmoja aliyeifunga injini ndogo nyuma. Alipohama aliondoka na injini, akaiacha mashua imelala kifudifudi nyuma ya ghala, karibu na bandari. Mimi niliipata kwa kubadilishana na baiskeli. Ndugu zangu waliniona nimepungukiwa na akili, maana baiskeli inakupeleka kazini.

Kazi yangu ilikuwa relini. Nilikagua magurudumu ya mabehewa kabla treni haijaondoka kwenda kusini. Nilipita kando ya treni na nyundo yenye mpini mrefu, nikigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Chuma kizima hulia, na chenye ufa hunung'unika. Shule niliiacha mapema. Kifaransa nilijifunza mwenyewe, pamoja na hesabu na kuchora. Kitu kimoja kiliniingia kutokana na kazi ile kuliko kutoka kitabu chochote: kila kinachoharibika kina mahali kilipoanzia, na ukipata mahali hapo umekwisha kufanya nusu ya kazi.

Mashua yangu ilivuja kidogo, kama chombo chochote cha mbao. Jumapili nilikumba maji kwa kopo la maziwa mara mbili au tatu, basi. Sikuona kosa lolote mpaka siku ya karamu ya mtoto wetu aliyehitimu Kurani, nilipokwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, kumchukua mama mkwe.

Lazima nieleze namna tulivyokaa, kwa sababu kila kitu kilitokana na hilo.

Kwetu bukwe, yaani adabu ya mtu na wakwe zake, ni jambo zito. Mtu hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hamtaji jina. Hamwangalii usoni, wala yeye hamwangalii mkwewe, na wakikutana njiani mwanamume huiacha njia akasimama majanini mpaka apite. Lakini katikati ya mto wetu, Lualaba, hakuna majani ya kuingia. Kwa hiyo mimi nilipiga magoti mbele kabisa, nikipiga kasia kama mtu wa mtumbwi, uso wangu ukielekea Kindu. Mke wangu alikaa katikati, naye akitazama mbele, amekumbatia sufuria. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na ubao wa mwisho, akitazama Alunguli tunakotoka. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mwenye heshima zake. Migongo yetu ndiyo iliyosafiri pamoja.

Njia nzima sikugeuka. Nilisikia mashua imekuwa nzito, nikadhani ni mkondo.

Tulipogonga ukingo wa Kindu, wanawake wa karamu walikuwa wamesimama tayari kumpokea kwa vigelegele. Nilimsikia mama akisimama. Vigelegele vilianza, kisha vikakatika. Kitenge chake kipya, alichokuwa amekitunza kwa ajili ya siku ya mjukuu wake, kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni.

Alikuwa amekaa ndani ya maji tangu nusu ya mto, na alinyamaza. Kulalamika kungekuwa kumlaumu mkwe huku mkwe anasikia, na mama huyo alikuwa amelelewa vizuri. Alikwenda kwenye karamu akiwa amefungwa kanga ya kuazima, fupi. Jioni alirudi Alunguli kwa mtumbwi wa mtu mwingine.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwapo. Kati ya shemeji na shemeji kuna utani, na yeye hakuwahi kuiacha nafasi ya kutania impite. Alikuwa anajenga nyumba ng'ambo. Aliizunguka mashua mara moja, akaigonga kwa kidole.

"Shemeji, sijajua kama mulango yangu iko inaelea huku kwako siku zote. Hii mbao mbili njo mulango. Hii njo dirisha ya chumba. Hii moja imeoza, nitakuachia ukalie."

"Utajenga kwa matope tu," nilimwambia.

"Matope niko nayo. Mbao njo sina, na wewe unaziogesha bure."

Lakini mke wangu hakuwa na utani. Wageni walipoondoka alikaa mlangoni, akanena taratibu.

"Mama hatapanda tena ile kitu. Na mimi siwezi kwenda kukaa raha mu kanoti yenye imemupatisha mama yangu haya mbele ya watu. Mpaka Idi ya kuchinja. Siku hiyo umulete hapa mukavu, umurudishe mukavu. Ukishindwa, upe ndugu yangu mbao zake."

"Na Jumapili?"

"Jumapili tutakaa hapa mulangoni, kama watu wengine."

Wakati ule ule mtu alipiga hodi, anaomba chumvi.

Nilianza kwa kuitazama mashua, wala sikupata jibu. Mama aliposimama ukingoni, maji yote yaliyokuwa nyuma yalikimbilia mbele na kuenea chini ya mbao za kukanyagia. Nilipoondoa mbao hizo nilikuta unyevu kila mahali sawasawa. Swali moja tu lingenipunguzia kazi yote: mama, maji uliyahisi kwanza wapi? Lakini hakuna njia ya adabu ya kumuuliza mama mkwe amelowa kuanzia wapi, hata kwa kumtuma mjumbe. Nililiacha swali hilo, nikatafuta njia ya kuiuliza mashua yenyewe.

Niliwaza hivi. Tundu dogo ni gumu kuliona kutoka ndani, kwa sababu maji yakiingia hutambaa, na mahali unapoyaona si mahali yalipoingilia. Lakini mashua ikiwekwa juu ya magogo nchi kavu na kujazwa maji, yatatoka nje kwa njia zilezile, na nje mtu anaweza kulala chini na kuangalia. Tatizo lilikuwa kwamba mbao, mpaka kwenye mstari ambapo rangi ya ubavuni inaanzia, zilikuwa nyeusi kwa lami ya zamani, na juu ya nyeusi maji hayaonekani.

Hapo mke wangu alinisaidia, ingawa alikuwa bado amekasirika. Kila sikukuu ikikaribia wanawake wa mtaa wetu hupaka kuta za nyumba udongo mweupe. Ukuta mkavu hung'aa, na tone la mvua huacha alama ya kijivu inayoonekana kutoka barabarani. Tuliilaza mashua kifudifudi, naye akaipaka tumbo lote kwa kitambaa kama ukuta wa nyumba, mpaka ikawa nyeupe kama yai. Ilipokauka tuliigeuza, tukaiweka juu ya magogo mawili, nikaanza kumimina ndoo.

Ilikuwa Jumamosi, na mtaa wote ulikuwa unarudi kutoka salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, majembe na mapanga mabegani, baada ya kulima majani ya barabara. Walisimama wote.

"Sitwayeni, Lualaba imekauka?" mmoja aliuliza, akiniita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza miaka ile.

"Bado."

"Watu wote wanatoa maji mu kanoti. Wewe njo unaweka?"

"Maji ni ileile. Kwenye itatoka, njo kwenye iliingilia."

"Na kama ikijitafutia njia ingine?"

"Basi nitakuwa na tundu mbili za kuziba."

"Ee! Huyu mutu, siku moja tutakuta anamimina mvua ndani ya nyumba ili ajue bati yake inavuja wapi."

Walicheka sana, na sikuwalaumu. Nililala chali chini ya mashua. Mwanzo weupe ulibaki weupe. Kisha mstari wa kijivu ulitokea kwenye maungio ya ubao wa pili, ukashuka kama chozi. Halafu mwingine. Halafu ubavu mzima wa kushoto ukaanza kujichora. Nilikuwa na kipande cha mkaa mkononi, na kila mstari nilitia alama juu, pale ulipoanzia, si chini ulipodondokea. Mtu anayeziba mahali maji yanapodondoka huziba siku zote, wala hamalizi.

Nikatoka nimelowa, uso mzima umepakwa udongo. Watu walishangilia kama timu imefunga bao.

Kazi ya kuziba ilifuata, na niliifanya bila haraka kila nilipotoka kazini. Nilichokonoa maungio kwa msumari uliopindwa mpaka uchafu wa zamani ukatoka. Nilichukua pamba ya godoro kuukuu, nikaisokota nyuzi, nikaishindilia ndani kwa kabari ya mti, nikigonga kidogokidogo. Juu yake nilimimina bulimbo, utomvu ule wa miti ambao wavuvi huzibia mitumbwi, uliochemshwa na mafuta ya mawese. Mafuta yakiwa machache, ukikauka unapasuka kama kigae. Yakizidi, haukauki kabisa na unanata kwenye nguo. Nilijaribu mchanganyiko juu ya vipande vya ubao mpaka nikapata ule ambao kidole gumba kinaacha alama hafifu, halafu alama inafutika yenyewe. Mwisho niliizamisha mashua kwenye maji ya kina kifupi, imejaa mawe, ili mbao zilizosinyaa zivimbe na kubanana.

Shemeji alivuka kuja kutazama.

"Umeizika?"

"Inakunywa maji."

"Ikishiba uniambie. Sipendi mulango wenye kiu."

Nilipoiinua nilimwita yeye awe mzigo wa kujaribia. Alikuja amevaa abakosti yake ya kijivu, suti ya wakati ule isiyo na tai, imepigwa pasi, ili akilowa kidogo tu ushahidi uonekane. Alikaa katikati akinitazama, amekunja mikono, nami nikapiga kasia mpaka katikati ya mto na kurudi. Aliinua mbao za kukanyagia, akapitisha mkono chini yake. Mkono ulitoka mkavu. Aliutazama kama mtu aliyetegemea kukuta samaki.

"Kwa leo," alisema.

Nilirudi nyumbani najisikia mshindi. Nilimwambia mke wangu, nikitumaini atafurahi. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Umejaribu na ndugu yangu."

"Ndiyo. Ni muzito, karibu kama mama."

"Alikaa wapi?"

"Katikati."

"Mama anakaaka wapi?"

Nilikuwa nimekagua kila ubao wa mashua ile kwa kidole, kwa jicho na kwa nyundo, mbele na pande zote na chini. Lakini nilipojaribu kuiona akilini ikiwa majini na mama ndani, niliona mgongo wa mke wangu, na nyuma yake hakuna kitu. Ilikuwa kama mtu amefuta mchoro. Miaka mingi nilikuwa nimejizoeza kutomtazama mama mkwe alipo, na mazoea hayo yalikuwa yamekula na ubao aliokalia.

Asubuhi ya Jumapili tulikwenda mtoni. Nilimweka mke wangu nyuma kabisa, ametazama nyuma, na kando yake gunia la mpunga wa Kibombo ili uzito ufikie ule wa mama. Nilipiga magoti mbele, nikashika kasia. Tulipofika kwenye maji mengi nilisikia uzito uleule wa siku ile ya karamu ukianza kunivuta mikono.

"Inaingia," alisema mke wangu.

"Wapi?" niliuliza, uso wangu mbele.

"Geuka uone!"

Kusema kweli, shingo yangu ilikataa. Niliendelea kupiga kasia nikitazama Alunguli.

"Geuka! Mimi ni bibi yako, sio mukwe yako!"

Niligeuka. Nyuma ya mashua ilikuwa imezama kupita mstari wa rangi, na kwenye ule ubao uliosimama wima mwishoni, mbele ya magoti ya mke wangu, maji yalikuwa yanaingia kimya kupitia mahali palipoonekana pazima, yakishuka taratibu mpaka kwenye kitenge chake. Mke wangu alikuwa amelowa mpaka kiunoni, anacheka mpaka gunia linatikisika.

Nikafahamu yote kwa mara moja. Jumapili zetu tulikaa mbele na katikati, na nyuma ya mashua ilielea juu, mwishoni pakavu. Shemeji alikaa katikati. Hata nilipoijaza maji nyumbani nilikuwa nimeiweka sawa juu ya magogo, na nilikuwa nimeijaza mpaka kwenye mstari wa rangi tu, nikihofia uzito wa maji usipasue mbao. Maji hayakuwahi kufika pale juu. Katika mji wote wa Kindu mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na sababu ya kukaa mwisho kabisa wa mashua yangu, na ndiye mtu mmoja ambaye nisingeweza kugeuka kumtazama.

Jumamosi iliyofuata niliiweka tena juu ya magogo, lakini safari hii niliinua mbele na kushusha nyuma. Mke wangu alipaka ubao wa nyuma udongo mweupe. Watu wa salongo walijua njia sasa. Walikuja wenyewe, wakakaa juu ya majembe yao. Shemeji alikuja na kamba ya kupimia. Alisimama nyuma ya mashua, karibu kabisa, akipima upana wa ubao ule.

"Huu njo kizingiti," aliwatangazia watu. "Muone unene wake. Wazungu walijua mbao."

"Shemeji, usisimame hapo."

"Unaogopa nitaubeba leo?"

Nilimimina ndoo. Nikamimina nyingine. Maji yalipanda polepole kwenye kona ile ya nyuma. Udongo mweupe uliingia doa, madoa yakawa manne, yamepangwa vizuri kama vifungo vya koti. Kisha vizibo vilivyokuwa ndani yake vikatoka, na maji yakaruka kama kamba nne, moja kwa moja kwenye suruali ya shemeji.

Mtaa wote ulisimama. Kuna mzee mmoja aliyelia kwa kucheka, ikabidi ashikwe.

"Shemeji," nilimwambia, "mulango yako inakusalimia."

Yalikuwa matundu ya boliti za ile injini ya zamani. Mtu fulani alipoiondoa aliyajaza nta, akapaka rangi juu yake, na rangi ile ilikuwa imeniambia uongo kila siku. Nilichukua nyundo, nikagonga kuzunguka. Juu ubao ulilia. Kati ya matundu mawili ya chini ulinung'unika. Nilikata sehemu hiyo laini mpaka nikakuta mti mzima, nikachukua sura ya pengo kwa karatasi, nikachonga kiraka cha mti mgumu kilichoingia kwa kugongwa, bila kulazimishwa na bila kulegea. Kwa matundu nilichonga vigingi vyembamba upande mmoja na vinene upande mwingine, nikavilowesha mafuta ya mawese, nikavipigilia kutoka nje kuja ndani, ili mto wenyewe ukiusukuma ubao uzidi kuvikaza. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililipata kwa kufikiri, nikiwa nagonga magurudumu, na bado linanipendeza.

Tukaimwagia maji tena, nyuma ikiwa chini, mpaka juu kabisa. Mke wangu alipitisha kiganja kwenye udongo mweupe. Kilitoka na unga mkavu. Alikiinua juu watu wakione, kisha akakipangusa kwenye shati langu.

Siku ya Idi, baada ya sala, tulivuka kwenda Alunguli. Mke wangu alikuwa ametuma habari, na jibu lililorudi lilikuwa fupi: mama atakuja, na atakuja na kuku. Alikuwa amesimama ukingoni, amevaa kitenge kilekile cha karamu. Nilishuka upande wa pili wa mashua, nikatazama majani mpaka akakaa. Aliweka kikapu cha kuku magotini. Migongo yetu ikaondoka.

Mto ulikuwa mtulivu, maji yamepungua. Nilipiga kasia nikihesabu uzito kwa mabega. Nyuma ilizama kama ilivyopaswa kuzama kwa mama mwenye heshima zake, lakini uzito haukuongezeka. Nilijua mke wangu ametega sikio kama mimi.

Katikati ya mto nilisikia sauti ya mama. Kwetu mtu mwenye neno kwa mkwe wake hulipitisha kwa mtoto, na asipokuwapo mtoto hulipitisha kwa chochote.

"Wewe kuku," alisema, "mwambie mwenye kanoti: miguu yangu iko mikavu."

Mke wangu alifunika mdomo kwa kanga.

"Wewe kasia," nilisema, "mwambie kuku: asante sana."

Kuku akalia kidogo. Upande wa Kindu nilianza kuwaona watu wa nyumbani wamesimama ukingoni, na mbele yao shemeji na suruali yake nyingine.

"Wewe kuku," mama alianza tena, "muulize kule kwenye wanaendaka Jumapili njo wapi. Nasikia kuko muchanga."

"Wewe kasia, mwambie kuku kuko juu kidogo, pale mto unapopinda."

"Muulize kama nyama ya Idi itaungua tukichelewa."

"Haitaungua," alijibu mke wangu, bila kulipitisha kwa mtu.

Niligeuza mbele ya mashua kuelekea juu ya mto. Ukingoni watu waliona tunawapita, wakaanza kupunga mikono. Shemeji alitumbukia majini mpaka magotini, akaweka viganja mdomoni.

"He! Munaenda wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe alijibu kwa sauti iliyofika ng'ambo zote mbili.

"Wewe kuku, mwambie huyo mutoto: hatuendi popote!"